Sentensi Yake Ilikuwa Sahihi

Uvumilivu wangu uliisha pale mwalimu mkuu alipotabasamu.

Mpaka hapo nilikuwa nimejitahidi sana. Shikamoo yake nilimpa, maana hasira ni hasira na adabu ni adabu. Nilikaa kwenye kiti alichonionyesha, mwanangu Upendo nimembana katikati ya magoti, sketi yake ya shule bado mbichi. Madam wake wa darasa la kwanza alisimama pembeni, mikono nyuma, msichana tu, angeweza kuwa binti yangu.

"Mama Upendo," mwalimu mkuu akaanza, "hili jambo ni dogo. Mtoto aliinuka akaelekea mlangoni bila ruhusa. Madam akamrudisha, akamtaka aombe vizuri kwa Kiingereza. Akagoma. Akasimamishwa mbele mpaka atakapoomba. Sasa, bahati mbaya, akajikojolea."

"Aligoma, au alikuwa ameshasema?"

Madam akajibu mwenyewe. "Alisema, lakini siyo tunavyowafundisha. Alikuwa anatembea huku anasema, 'I am going to the toilet.' Kama vile ananiaga!"

"Na alikuwa anakwenda wapi?"

"Chooni."

"Sasa kosa la hiyo sentensi liko wapi?"

Ndipo mwalimu mkuu akatabasamu, tabasamu lile la mtu anayemwona mwenzake kama mbuzi aliyeingia kanisani. "Mama," akasema, "hiki Kiingereza utuachie sisi."

Nilisimama. Yote niliyosema siyakumbuki, ila nakumbuka karani wa chumba cha pili aliacha kupiga taipu. Nilisema shule ina rangi mpya ukutani na geti la chuma, lakini mtoto anayetaja anakokwenda, kwa lugha mliyoitaka wenyewe, mnamzuia mpaka anajichafua mbele ya wenzake. Nilisema mimi Kiingereza nimekisoma mpaka kidato cha nne, na hata ningekuwa sikusoma, mkojo hauna sarufi. Kisha nikamshika mtoto mkono tukatoka.

Njiani hakusema kitu. Nyumbani hakusema kitu. Huyu ni mtoto ambaye huongea mpaka usingizini, huongea na kuku, huongea na sufuria. Sasa akitaka maji ananyoosha kidole kwenye ndoo. Kiingereza hakuna, Kiswahili hakuna, hata kile Chasu, Kipare chetu, anachoongea na bibi yake hakuna. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoogopa. Hasira naijua, nimezaliwa nayo, lakini ule ukimya sikuwahi kuuona.

Jirani yangu, Mama Furaha, mwenyeji wa Singida aliyeletwa huku na mumewe mkata mkonge, alichungulia uani akanikuta nimeloweka sketi kwenye beseni.

"Nasikia unataka kwenda kushtaki," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Wewe ni Mpare, nani aniambie? Ninyi mnauza ng'ombe mshinde kesi ya kuku."

"Mimi ng'ombe sina. Na huyu siyo kuku."

Akacheka, akaniachia kipande cha muwa cha mtoto, akaenda zake. Nikabaki na beseni. Ilinipanda harufu ya sabuni ya mche, mkojo wa mtoto, na lile vumbi la Same ambalo huingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Nikafikicha, nikanusa, nikafikicha. Na mikono ikiwa ndani ya yale maji nikajikuta niko juu mlimani, kijijini kwetu Vudee, niko darasa la tatu, nami nimebanwa.

Ninyi wa rika langu mnaujua wakati ule, sina haja ya kuwasimulia sana. Harufu yetu sisi ilikosa kitu kimoja tu, sabuni. Tulifulia majani ya mpapai, yakapandishwa kutoka bondeni kama dawa. Sukari ilikuwa habari ya kusikia. Tulikula unga wa njano wa msaada, tukaambiwa tushukuru, tukashukuru. Dukani kulikuwa na rafu, muuzaji na kalenda ya zamani. Ukungu wa asubuhi ulishuka kutoka msituni ukaingia darasani bila kubisha hodi, kwa sababu madirisha yalikuwa matundu, na sisi tulikaa tumebanana kama vifaranga, miguu mitupu juu ya udongo wa baridi.

Kiingereza kiliingia darasani kwetu na Mwalimu Zefania. Alikuwa mrefu, mwembamba, suruali yake imetiwa viraka nyuma kwa nyuzi za rangi mbili, na aligeukia ubao bila aibu yoyote. Kitabu kilikuwa kimoja, chake. Chaki ikiisha aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na sisi wa mstari wa mbele tuliomba kimoyomoyo kipande kimdondoke, maana kikidondoka ni chakula.

Kwa kuwa vitabu havikuwepo, Mwalimu Zefania alifundisha kwa miili yetu. Kitu hakikusemwa mpaka kifanywe. Alifungua mlango huku anasema anafungua mlango. Alimtuma mmoja wetu dirishani, na huyo alitakiwa aseme njia nzima, "I am going to the window, I am going to the window," mpaka afike, akifika anyamaze. Sisi tuliobaki tulimsemea: "She is going to the window!" Darasa zima, kwa sauti ya kwaya, maana kwetu Wasabato tulikuwa wengi na kwaya tulikuwa nayo kooni.

Mimi nikaelewa kivyangu. Nikaelewa kwamba Kiingereza kinakaa miguuni na mikononi. Kiswahili unaweza kukisema umekaa, Chasu unaweza kukisema umelala, lakini Kiingereza ukisimama tu kinakatika, kama maji ya mfereji yakizibwa. Nilikuwa na uhakika huo kabisa. Nikiwa nyumbani nataka kukizungumza, kwanza nilitafuta kazi.

"I am sweeping, Mama."

"Fagia na pale kwenye pembe."

"I am fetching firewood, Mama."

"Hicho Kiingereza chako kina faida," mama akamwambia baba. "Tangu kije, sijainama."

Swali moja lilinisumbua. Nilimfuata Mwalimu Zefania mpaka chini ya ubao. "Mwalimu, mtu akiwa amelala, atasemaje kwamba amelala?"

"Hawezi," akasema. "Hapo lazima mwenzake amsemee."

Nikaridhika. Niliona ni lugha yenye akili.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi nilikuwa nimekula kiporo cha makande, maharage mengi kuliko mahindi, na ule ukungu ukanikaa tumboni. Mwalimu alikuwa ubaoni, mgongo kwetu. Kumwomba ruhusa kwa Kiingereza sikujua, na kwa Kiswahili kipindi cha Kiingereza tulikatazwa. Lakini sentensi nilikuwa nayo. Shida ni kwamba, kwa imani yangu, sentensi ile isingekuwa kweli mpaka miguu ianze. Kusema ninakwenda na bado nimekaa ulikuwa uongo, na uongo nyumbani kwetu ulichapwa kuliko wizi. Kwa hiyo nikainuka. Nikatembea. Nilipofika usawa wa mlango nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "I am going to the toilet!"

Muhogo ukasimama ubaoni.

Mnakumbuka fimbo za zama zile. Mtoto alichapwa kwa kuchelewa, kwa kuwahi, kwa kucheka, na kwa kutokucheka. Mimi nilikuwa nimeshatoa mguu mmoja nje, siwezi kurudi wala kuendelea, na chini mambo yameanza.

Mwalimu Zefania akageuka taratibu. Akanitazama, akalitazama darasa. Kisha akanyoosha ule muhogo kuelekea kwangu kama mtu anayeonyesha ramani.

"Class, what is she doing?"

Kwaya ikalipuka: "She is going to the toilet!"

Nikakimbia. Nilikimbia kwenye ule mteremko wa mikaratusi mpaka kwenye kibanda cha choo, na nyuma yangu watoto wote wa darasa la tatu walikuwa wanautangazia mlima ninakokwenda. Sikuona aibu hata kidogo. Nilijiona kama mtu anayesindikizwa na beni.

Kuanzia siku hiyo ikawa desturi ya darasa letu. Aliyebanwa aliinuka, akatembea, akasema. Sisi tukamsemea. Hakuna aliyeitumia vibaya zaidi ya mara moja, kwa sababu Eliezeri, mtukutu wetu, alijaribu. Alisema anakwenda chooni, akapindia kwenye mpera wa mwalimu mkuu. Sisi tulikuwa tunamwona kupitia dirisha. "He is going to the guava tree!" Tulilisema kwa uaminifu kamili, mara mbili, na mwalimu mkuu akatoka ofisini kuja kuona.

Hata kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, Kiingereza chetu tulikwenda nacho. Mnajua baragumu likilia kila nyumba inatoa mtu, na safari ile ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la udongo la kukusanyia maji ya mashamba. Shule nayo ililetwa. Wakubwa walichimba, sisi tukapokezana tope kwa magome ya migomba na vipande vya madebe, matope mpaka kwenye nyusi, na Mwalimu Zefania katikati yetu, viraka vyake vimeloa. "We are digging! We are carrying mud!" Mzee mmoja aliacha jembe lake akauliza, "Mwalimu, hawa watoto wanatusema?"

"Hapana, mzee. Wanajisema."

"Ah. Basi waendelee, tope linapungua."

Ugumu ulikuja tulipofika kwenye vitenzi vya kila siku. Sasa Mwalimu alitaka tuseme mambo ambayo mtu huyafanya siku zote, hata kama saa hii hayafanyi. Akafungua kitabu chake kile kimoja. Mtu wa kitabuni alikuwa anakunywa chai yenye maziwa na sukari kila asubuhi. Tulitakiwa tusimame mmoja mmoja tuseme vivyo hivyo kwa nafsi zetu. "I drink tea with milk and sugar every morning." Wa kwanza akasema. Wa pili akasema. Mimi nikasimama, nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Sema."

"Mwalimu, mimi sinywi."

"Ni mfano tu."

"Lakini nitakuwa nimedanganya. Na Kiingereza hakidanganyi."

Hapo sikuwa najaribu kuwa shujaa. Nilikuwa mtoto mwenye imani. Lugha ambayo ilikuwa imenipeleka chooni kwa heshima sikutaka kuitia uongo. Machozi yalikuwa yananilengalenga, na fimbo niliiona pale kwenye kona.

Mwalimu Zefania alifunga kitabu. Nadhani na yeye alikuwa hajaonja sukari tangu lini, mashavu yake yalisema. "Haya," akasema. "Wewe hunywa nini kila asubuhi?"

"Uji."

"Wenye sukari?"

"Hapana."

Akaandika ubaoni, akasoma kwa sauti, nami nikarudia: "I drink porridge without sugar every morning."

Darasa likacheka kidogo, halafu likaacha kucheka, halafu kila mtu akanyoosha mkono. Ile without, yaani bila, ilitupendeza kupita maneno yote tuliyowahi kupewa. Mmoja hufua bila sabuni. Mwingine huja shule bila viatu. Mwingine hula ugali bila mboga Jumatatu na Jumanne, Jumatano anakula kwa shangazi yake. Msichana mmoja mpole, ambaye baba yake alikuwa ameshuka tambarare kwenye mkonge na hakurudi, akasema, "I sleep without father." Mwalimu hakumsahihisha kitu. Alisema tu, "Very good, kaa, mwanangu." Kisha akafunga mlango nusu. "Basi, basi. Punguzeni sauti, wa ofisi ya kata wasije wakadhani tunafanya mkutano."

Nikisimulia haya mnaweza kudhani tulikuwa na huzuni. Hatukuwa. Tulitoka darasani siku ile tunarukaruka, tumepata namna ya kuyasema maisha yetu kwa lugha ya wakubwa, na maisha yetu yalienea ndani yake. Nilipokwenda sekondari niliwakuta wasichana wa mjini wamevaa soksi, wanaogopa kufungua mdomo wasichekwe. Mimi nilifungua tu. Mpaka leo nikizungumza Kiingereza miguu inanicheza, na sijali anayeniangalia.

Mwalimu Zefania hakuzeekea ualimu. Mambo yalipofunguliwa, enzi za ruksa, maduka yakajaa, mshahara wake ukabaki mdogo kama ulivyokuwa. Mara ya mwisho nilimwona Mwanga, pembeni ya barabara kuu, anauza mitumba, amevaa suruali nzima kabisa. Nilimpa shikamoo, akanitambua kabla sijataja jina. Nilifurahi kwa ajili ya suruali. Nililia nilipofika kwenye basi.

Kwa hiyo mnaelewa. Upendo alianza Kiingereza kwangu, jikoni, kabla hajaenda kwenye shule yao yenye geti. Ninamenya ndizi huku nasema ninamenya. Anakwenda kwa kuku huku anasema anakwenda. Ile sentensi aliyoisema kwa Madam, akitembea, sikumwambia aseme pale, lakini ilitoka nyumbani kwetu, ilitoka mlimani, na haikuwa na kosa hata moja.

Niliinua macho kutoka kwenye beseni. Alikuwa amesimama karibu yangu, muwa wa Mama Furaha mkononi, hajaung'ata. Sikumtazama sana. Nikaendelea kufikicha.

"I am washing your skirt," nikasema.

Nikaisuuza sketi. "I am..." Akaweka muwa chini, akashika ncha moja ya sketi, mimi nikashika nyingine, tukaanza kuisokota, maji yakachuruzika kwenye vidole vya miguu yetu. Akaisokota kwa nguvu mpaka meno yakaonekana.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Kukamua nguo kwa Kiingereza wanasemaje?"

Nilifikiri. Kidato cha nne chote nikakipekua, hakuna kitu. "Sijui."

"Hujui?"

"Sijui kabisa."

Akacheka. Wallahi sijui nieleze vipi kile kicheko, na mimi ni Msabato siapi hovyo. "Basi na Madam hajui," akasema, na kuanzia hapo mdomo ukafunguka kama ndiva iliyozibuliwa. Akaongea kuhusu muwa, kuhusu paka wa Mama Furaha, kuhusu rafiki yake wa Kimasai anayekaa dawati moja naye, ambaye siku ile alimpa sweta lake ajifunge kiunoni. Hilo la sweta hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniambia.

Kisha akaokota muwa wake. "Kesho nitakwenda shule?"

"Utakwenda."

"Nikibanwa nitasemaje?"

"Utasema vile vile ulivyosema. Ulisema vizuri."

"Na Madam akinirudisha?"

Nilianika sketi, nikafuta mikono, nikachukua karatasi. Madam simchukii, najua na yeye kuna aliyemsimamisha mbele ya darasa zamani. Lakini kujua hivyo hakumkaushi mwanangu. Niliandika kwa Kiswahili ili pasiwe na mtu wa kuniambia nimwachie lugha. Asubuhi yake nilikwenda na Upendo, nikaikabidhi kwa mkono wangu, nakala moja shuleni na nyingine ofisi ya elimu ya wilaya, na zote mbili nikasubiri mpaka zikapigwa muhuri. Ilisomeka hivi:

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MWANAFUNZI KUZUILIWA KWENDA CHOONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa Upendo, darasa la kwanza. Nalalamika rasmi kwamba mwanangu, akiwa amebanwa, alimweleza mwalimu wake kwa Kiingereza sahihi mahali alipokuwa anakwenda, na bado akarudishwa na kusimamishwa mbele ya wenzake mpaka akajikojolea. Mwalimu mkuu alipoulizwa kosa la mtoto, hakulitaja. Alitabasamu.

Naomba yafuatayo. Mtoto yeyote wa shule hii akibanwa aende kwanza, na aseme kwa lugha yoyote itakayomtoka, iwe Kiingereza, Kiswahili, Chasu au Kimasai, na mwalimu asimcheke. Madam ampe mwanangu pole mbele ya darasa lile lile, kwa maneno ambayo mtoto atayaelewa. Majibu ya barua hii niyapate kwa maandishi.

Mtoto sitamhamisha, kwa sababu anapenda kusoma na hakukosea. Mpaka nitakapojibiwa atakuja shule kila siku, nami nitakuja naye, na nitakaa dawati la nyuma. Madam akitaka kujua ninafanya nini darasani kwake, aniulize kwa Kiingereza. Nitamjibu.